Pumuzisha Mizizi

Ruashi, Elisabethville, tarehe 14 mwezi wa ine 1957

Kwa Virginie, mudogo wangu, kule Kongolo,

Jambo sana. Jambo kwa bwana yako, jambo kwa batoto, jambo hata kwa ule jogoo wenu mwenye kuimba saa ya bure. Huku tuko bazima. Bulamu yako Delphine, bibi yangu, anakusalimia. Tumbo yake inaanza kuonekana, na anasema akizaa mapasa, batoto babili mara moja, usimucheke. Nyumba yetu ya Ruashi ilifika ku mabati: vyumba mbili iko na paa, ya tatu inaangalia nyota. Matofali yote nilipiga miye. Hakuna muntu ya kusema alinisaidia hata na kamba.

Karanga zako zilifika, tulikula, asante. Lakini kila mwaka unatuma karanga, na kila mwaka hauandikake zinaota mu shamba ya nani. Baba alipokufa baligawanya shamba ya pa mutoni bipande ine. Sisi batoto tuko bane. Miye, mukubwa, sikupata hata mustari moja. Baba mudogo Rigobert alisimama mbele ya bantu yote akasema: "Clovis ni muntu ya Elisabethville. Bulongo atafanya nayo nini? Ataibeba ku kinga yake ya magurudumu mbili?" Bantu balicheka. Nilisha kusahau sura ya wengi, lakini kile kicheko nakisikia bado. Bipande ine, batoto bane, na moja hana. Basi kuko mwenye mbili. Siulize ni nani. Nahesabu tu.

Lakini sikukamata kalamu juu ya kulia! Virginie, niliona kintu!

Baliniita ku villa moja kule Golf, mutaa ya bazungu, juu ya pompi yenye kuharibika. Unajua, pompi njo kazi yangu, ya maji, ya kinga, ya kamyo, yote. Nyuma ya nyumba kuko birika ndefu ya simenti, juu yake mbao, mu mbao matundu, na mu kila tundu mumea ya tomati murefu kuliko miye. Nilifikiri chini kuko bulongo. Niliinua ubao. Hakuna bulongo! Ni maji tu, na mizizi inaning'inia ndani, nyeupe kabisa kama ndevu ya hindi bichi. Moteri moja kidogo inasukuma hewa mu tiyo, hewa inatoka chini mu maji mapovu mapovu. Muzungu alinikuta nimepiga magoti. Alisema: "Il faut que ça respire." Nilimuuliza anatiaka dawa gani mu maji. Alifunga mulango ya depo yake. Sawa. Macho yangu hakuifunga.

Parcelle yangu hapa, kiwanja ya nyumba, ni mawe na muchwa. Ukipiga jembe inaruka kama mupira. Sasa jembe ya nini?

Ni miye yaya wako, mukubwa mwenye kunyimwa bulongo,
Clovis


Kongolo, tarehe 2 mwezi wa sita 1957

Yaya Clovis,

Salamu nyingi kutoka kwetu yote. Bwana yangu balimupandisha kazi ku gare ya treni, sasa iko na kofia, na analala nayo karibu ya kichwa. Mutoto ya pili alitoka meno. Mutoni ilipungua, samaki iko mingi. Mwambie Delphine, akizaa mapasa nitacheka sana, kisha nitakuja kumufulia nguo.

Barua yako nilisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka pahali ya hesabu.

Ile habari ya tomati mu maji niliisoma kwa sauti, na Baba mudogo Rigobert alikuwa anakaa pale. Wee, yaya! Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema: "Andika." Nikaandika vile alisema, ndiyo haya: "Mwezi ya kumi nitapanda treni, nitapita ile njia mupya ya Kabalo na Kamina, nitafika kwa Clovis na miguu yangu. Anionyeshe mboga moja tu yenye alipanda na mukono yake, yenye kuzaa, mu ile mwezi yenye kila kintu inakauka. Akinionyesha, nitajua hakusahau kulima, na kipande yake ya shamba nitaitamka mbele ya bantu. Asiponionyesha, asiandike tena ile neno mpaka nikufe." Alipiga mukono ku meza. Jirani balisikia.

Yaya, mwezi ya kumi! Huku hata majani ya njia inakufa mwezi ya kumi.

Na miye nataka kujaribu. Bwana yangu alinipatia nusu ya pipa. Nilitia lengalenga, mboga yetu ya majani, mu matundu ya ubao, na kila asubuhi nachota maji na kikombe, namwaga tena mulemule kutoka juu, batoto banapenda ile kelele. Inaonekana muzuri, sijue juu ya nini. Niambie namna ya kweli.

Mudogo wako,
Virginie


Ruashi, tarehe 21 mwezi wa saba 1957

Virginie! Virginie!

Salamu kwanza, Delphine asiseme nilisahau adabu. Tuko bazima, tumbo yake inamutangulia mu mulango, baridi ya huku inauma, chumba ya tatu ilipata mabati. Basi, salamu imekwisha.

Ilishika! Mizizi ni mirefu kama mukono yangu mpaka ku kiwiko! Nyeupe! Nainua ubao kila mara, Delphine anasema nitaipatia haya.

Sikiliza vile nilifanya. Kapinga, mama wa Kasai mwenye duka ku kona, alinipatia pipa ya mafuta ya ngazi, ya mawese. Niliikata katikati kwa urefu, nikaisugua na majivu mpaka haina harufu. Inaingia litre mia moja kasoro kidogo. Juu niliweka ubao, matundu ine ya tomati, matundu sita ya lengalenga, na kila shina nimeifunga kitambaa isianguke. Ubao inafunika yote, mwangaza isiingie, maana maji yenye kuona jua inaota majani kijani kama ya kinamasi. Dawa ya ndani ni mbolea ya chumvi, ile banauzaka ku duka ya bakulima. Natia kidogo sana, nikitia mingi majani inaungua pembeni. Hiyo nilijifunza kwa kuunguza.

Sasa hewa. Muzungu iko na moteri. Miye sina hata waya ya umeme. Nilifikiri, nikafikiri, kisha nikacheka peke yangu pale garage ku kazi mpaka banaulizana kama niko mugonjwa. Mupira ya ndani ya kamyo! Nilikamata moja ya zamani, nikabandika matundu yake, nikaiunga na tiyo, mwisho ya tiyo nikaiziba na kuitoboa na sindano. Napiga pompi ya kinga mpaka mupira inavimba kama chura, naweka juu yake ubao na jiwe, nalegeza kidogo, na hewa inatoka polepole mu maji, bluku, bluku, bluku, mpaka asubuhi. Jirani banakuja kusikiliza. Kapinga alisema: "Clovis, pipa yako inachemka bila moto, itabidi tuite padiri."

Weye hauna mupira ya kamyo, si neno. Kamata neno moja tu: pumuzisha mizizi. Kila siku, bila kukosa, pumuzisha mizizi. Mizizi yenye haipumuzishwe inakufa, hata ikiwa na maji na mbolea ya dunia nzima.

Mwambie Baba mudogo anunue ticket.

Yaya wako,
Clovis


Kongolo, tarehe 22 mwezi wa tisa 1957

Yaya,

Tuko bazima. Nilichelewa kuandika, usiulize. Jua ni kali. Jogoo tulimula.

Sawa, nitasema. Barua yako ilifika, nikasoma "pumuzisha mizizi kila siku". Nikasema, kumbe nilikuwa nazitesa! Kila asubuhi kelele, kumwaga maji, kuzisumbua. Nikaacha. Nikakataza batoto kucheza karibu ya pipa. Niliifunika na blanketi. Bwana yangu akipita na viatu ya kazi, namuambia: polepole, mizizi inapumuzika. Kila siku nilizipumuzisha, yaya, vile uliandika, hakuna hata siku moja nilizigusa.

Nilipofunua, majani ilikuwa ya njano. Niliinua ubao. Mizizi ilikuwa rangi ya chai, inateleza kama mulenda, na harufu, Mama wee.

Na Baba mudogo alifika siku ileile kuomba chumvi. Aliinama, akanusa, akafunga pua na kofia. Alisema: "Njo hii mutoto wa yaya wangu anaita kulima? Nilisha kuona choo yenye harufu nafuu." Sasa anaizungusha mu kijiji yote. Ticket alinunua. Anakuja, lakini anakuja juu ya kucheka.

Nilitaka kukuandikia mbele. Kila mara nilikamata kalamu, nikaenda kupalilia.

Kupalilia wapi, usiulize.

Virginie


Ruashi, tarehe 6 mwezi wa kumi 1957

Virginie wee!

Delphine alizaa, binti moja, si mapasa, mukubwa na mwenye sauti. Tulimuita Adolphine, jina ya Mama. Bote bako bazima. Nilimusomea Delphine barua yako mu kitanda, alicheka mpaka akaniomba ninyamaze juu ya maumivu.

Pumuzika si kupumua! Nilitaka kusema zipate pumuzi, weye ukazilaza usingizi na blanketi! Nusu ya kosa ni yangu, nusu ni ya ile neno. Muzungu alisema "respire", ni kusema ipumue, nikaigeuza vibaya mu Kiswahili. Kile kikombe yako ya asubuhi njo ilikuwa dawa! Maji ikianguka kutoka juu inashuka na hewa. Ulikuwa unajua kuliko miye, na miye nikakuachisha. Anza tena.

Sasa sikia shida yangu, maana Baba mudogo anafika juma yenye kuja.

Joto ya mwezi ya kumi iliingia. Maji mu pipa ilikuwa ya vuguvugu kama ya kuoga mutoto, na maji ya moto haishikake hewa. Jumatano mupira ya kamyo ilipasuka, paa! Mutoto alilia, Kapinga alikimbia inje na sufuria. Saa sita ya mchana tomati yote ilikuwa imelegea majani. Nikasema: kiu. Nikajaza maji. Ikalegea zaidi. Nikajaza mpaka maji inagusa ubao. Unajua Mama alitufundisha: maji ya nusu hatuwekake mbele ya muntu, ni matusi. Basi nilijaza kama ya mugeni. Asubuhi yenye kufuata mizizi ilianza kuwa rangi ya chai. Nilikaa chini ku mawe yangu. Nilisikia kile kicheko cha Kongolo, wazi kabisa.

Halafu nilikumbuka! Ile birika ya Golf, maji haikujaa! Kati ya maji na ubao kulikuwa nafasi ya mukono nzima. Siku ile nilifikiri mufanyakazi wa pale ni muvivu wa kujaza. Haikuwa uvivu! Mizizi ya juu inaning'inia mu hewa yenye unyevu, njo inapumua; ya chini inakunywa. Yangu niliifunga kichwa chini ya maji, na kila mara ilipolia hewa nikaiongezea maji!

Nilipunguza maji vidole ine, kesho yake vidole ingine ine. Nilikata mizizi yenye kuoza, nikamwaga maji ya zamani, nikatia mupya ya baridi. Nilizungusha pipa na mifuko ya gunia, naimwagia maji, upepo inaipoza. Mupira sina, basi kila nikitoka kazi nachota na bidon, dumu ndogo yenye nilitoboa matundu na musumari, namwaga kutoka juu ya kichwa, kama kikombe yako. Delphine anafanya asubuhi, mutoto ku mugongo.

Tomati kumi na saba ilisha kuwa kijani ku mimea. Sijue kama itaishi. Naandika na mikono yenye maji, utaona hapa karatasi imelowa.

Clovis


Ruashi, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1957

Virginie, mudogo wangu,

Salamu zote. Mutoto ananenepa, mvua ya kwanza ilipiga mabati, hakuna tone iliingia.

Alifika. Nilimungojea ku gare, alishuka na koti, fimbo, na kuku moja. Mu njia yote mpaka Ruashi alikuwa anasema: "Tutanusa, tutanusa." Alifika pa parcelle, akapiga mawe na fimbo, akasema: "Hapa hata muchwa inajuta." Kisha akaona.

Virginie, zilikuwa nyekundu! Kumi na moja nyekundu, ine ya njano, mbili zilianguka mu joto. Kila kintu mu Ruashi ilikuwa rangi ya vumbi, na ile pipa yangu ilikuwa kijani na nyekundu kama nguo ya sikukuu!

Aliinama kunusa. Akanusa tena.

"Haina harufu," akasema, kama muntu mwenye baliibia kitu.

"Haina, Baba."

"Bulongo iko wapi?"

"Hakuna."

"Umeificha chini."

Alivua koti, akamupatia Delphine, akakunja shati, akaingiza mukono mu maji mpaka ku bega! Anatafuta bulongo! Shavu yake iko ku ubao, macho inaangalia mbinguni, anapapasa chini ya pipa yote, kona na kona. Kapinga alikuwa ku ukuta na wateja yake wote. Alitoa mukono, na juu yake mizizi mupya nyeupe imeshikamana, ile iliota mu nafasi ya hewa, mingi kama nywele. Aliiangalia. Aliirudisha mu maji na vidole mbili, polepole, kama muntu anafunika mutoto.

Tulikula bukari ya unga ya mahindi, lengalenga ya pipa, na tomati. Alirudia mara tatu. Kisha akapangusa mudomo, akasimama.

"Neno yangu ni neno," akasema. "Nilisema Clovis akijua kulima, kipande yake nitaitamka. Anajua. Lakini muntu mwenye kulima bila bulongo, bulongo atafanya nayo nini? Kipande ibaki pale iko."

Bantu balicheka, Virginie. Kicheko kilekile! Nilishinda mpaka nikashindwa!

Delphine alisema: "Basi, Baba, urudishe na tomati." Akasema: "Binti, ile ilisha kusafiri."

Nilikasirika siku mbili. Bado nakasirika nikiandika. Lakini asubuhi ya treni nilimukuta amepiga magoti pale pipa, ameinua ubao, anamwaga maji na bidon, na anaambia mizizi: "Mupumue, mupumue." Si mupumuzike. Mupumue. Nilirudi nyuma asinione. Mu sanduku yake alibeba bidon yangu, hakuniomba.

Kipande ibaki pale iko. Weye unajua iko wapi.

Clovis


Kongolo, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1957

Yaya Clovis,

Salamu kwa bulamu yangu na kwa mutoto Adolphine, Mama wetu mudogo. Sisi tuko bazima.

Baba mudogo alirudi. Ni yeye sasa anafundisha kijiji! Pipa tatu iko mbele ya nyumba yake, na anasema aliona siri kule Elisabethville na mukono yake mwenyewe. Anamwaga maji juu ya kila kintu. Yangu iliota tena, mizizi ni nyeupe, batoto banapiga kelele kila asubuhi na ninawaacha.

Juu ya ile kipande alituambia vile alisema kwako. Bantu balicheka. Miye nilikuwa nashika mutoto.

Nilituma mufuko moja na treni, bwana yangu aliuandikia jina yako. Si karanga. Usiumwage mu pipa.

Virginie


Ruashi, tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 1957

Virginie, mudogo wangu,

Tuko bazima. Noeli iko karibu. Mutoto alicheka kicheko yake ya kwanza, na si juu yangu.

Mufuko ulifika. Nilifikiri mihogo, nikafungua inje. Nilitia mukono, Virginie, mpaka ku bega, kama Baba mudogo. Bulongo. Nyeusi, ya baridi, na ndani yake vile vigamba vidogo vyeupe vya konokono. Vigamba vile viko pahali moja tu, ile kona ya chini karibu ya mutoni, pale Baba alikuwaka ananifundisha kushika jembe. Haukuandika kintu. Sikuuliza kintu.

Sikuutia mu pipa. Ile ingefunga mizizi pumuzi. Nilipanga mawe ya Ruashi duara mbele ya mulango, nikamwaga ndani. Sikupanda kintu. Mvua ilinyesha siku tatu, na Delphine akaniita kwa sauti mpaka nikatupa spana: lengalenga inatoka! Yenyewe! Ile ya shina nyekundu, ya Mama, mbegu zilikuwa zinalala mule ndani! Bila pompi, bila mupira, bila chumvi! Nilikaa pale naiangalia kama mujinga. Kapinga aliuliza ni dawa gani. Nilifunga mulango.

Sasa hesabu, hii usiiruke. Nilipima mufuko ku mizani ya garage: kilo makumi tatu na mbili. Kipande yangu ni metre makumi ine kwa makumi mbili na tano. Ukichimba urefu wa jembe tu, kuhamisha shamba yote mpaka Ruashi inataka mifuko elfu munane na kidogo. Moja nilisha kupokea.

Basi lima ile yenye inabaki, na kila mwaka tuma mufuko moja. Karanga pia.

Usiharakishe. Pumuzika. Na hii mara nilisema pumuzika.

Yaya wako mwenye shamba,
Clovis